Nilivyomleta Mwalimu wa Vumi Kichiwa

Nilitoka Kichiwa kwenda Makambako kumpokea mtu aliyeniuguzia mjukuu. Mjukuu wangu Vumilia, tunamwita Vumi, anasoma hesabu Ulaya, zile hesabu ambazo tarakimu zimekwisha zimebaki herufi. Mnaonijua mnajua sichoki kumtaja, na sitachoka. Mimi niliishia darasa la nne. Mwaka juzi Vumi alipasuliwa tumbo huko ugenini, hana ndugu. Mwalimu wake akamchukua nyumbani kwake, akamwogesha, akampikia uji mpaka akasimama. Mwalimu huyo anaitwa Delfina, jina la dada yangu marehemu, ila amezaliwa visiwa vya Karibiani, kule mababu walikopelekwa kwa minyororo kukata miwa. Niliposikia amekuja Dar es Salaam kwenye mkutano wa wanahesabu, nikasema haondoki nchi hii kabla hajala kwangu. Aliyekulelea mtoto hashukuriwi kwa simu.

Jioni ya kuamkia safari, Vumi akanipigia.

"Bibi, kuna jambo. Mwalimu hana mume. Ana mke."

"Ana nini?"

"Mke, Bibi. Na huwa anasimama hadharani kuwatetea watu wa namna hiyo. Kwao nyumba yake ilipigwa mawe."

Nikatafuta kigoda nikakaa. "Basi anyamaze. Siku zenyewe chache."

"Yeye hatalianzisha. Lakini akiulizwa hadanganyi, ndivyo alivyo. Na unajua huko nyumbani mtu anaweza kupigwa, anaweza kufungwa. Tafadhali, Bibi, asiulizwe."

Asiulizwe! Jamani, salamu za kwetu ni nini? Mgeni hajatua mzigo ameshaulizwa mzee hajambo, watoto wangapi, wajukuu je. Sikulala vizuri. Nilimwonea hasira huyo mwalimu, nikamwonea huruma, nikajionea huruma mimi.

Asubuhi, ukungu bado umelala kwenye viazi, nikapanda bodaboda hadi barabara kuu. Hapo nikapata gari la Makambako. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ya kudakia. Mtu akiuliza mume, nitasema mvua. Akiuliza watoto, nitasema bei ya mbolea. Jirani yangu kitini akanitazama, "Mama, unasali?" Nikamwambia ndiyo. Haikuwa uongo sana.

Makambako, stendi. Basi la Dar lilichelewa, upepo wa pale unapita hadi kwenye mifupa. Nilimtafuta mzungu wa rangi gani sijui, akashuka mama mweusi kama mimi, mvi zimesukwa, mabega mapana ya mtu aliyewahi kulima. Ningempita sokoni nikidhani ni wa Lyamkena, hapo jirani. Akapiga goti kidogo, akaniamkia kwa lugha ya kwetu, kama Vumi alivyomfundisha.

"Kamwene, Bibi."

Akili ikaniruka. Nikamkumbatia, nikalia, nikasahau hofu yote. Dereva wa teksi akanirudishia palepale, hata hatujafunga milango.

"Karibu Makambako, mama. Mzee umemwacha na nani huko?"

"Angalia shimo!" nikapiga kelele.

"Shimo gani, Bibi? Hatujaondoka bado."

Nilitaka twende moja kwa moja Kichiwa. Lakini Lyamkena anakaa wifi yangu Anjela, dada wa marehemu mume wangu, na kupita Makambako na mgeni bila kuingia kwa wifi ni kutangaza vita. Alikuwa amejiandaa. Kuku yuko jikoni, na mezani dumu la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ule mtamu wa siku hiyohiyo.

"Karibu, Mwalimu, karibu. Huyu wifi yangu anavyojisifia mjukuu, utadhani hesabu kazianzisha yeye."

"Vumi ana akili kunizidi," Delfina akasema kwa Kiswahili cha polepole alichofundishwa na Vumi.

"Usimwambie hivyo, hatalala!" Wifi akacheka. Akamimina ulanzi kwenye kikombe cha bati chenye maua mekundu, akanywa yeye kwanza. Ndivyo tunavyofanya sisi: mwenye nyumba hutangulia, ili mgeni ajue kilichomo ni salama, kisha kikombe hichohicho kinazunguka. Akawa anamnyooshea. "Na mzee hajambo huko?"

"Wifi," nikadakia, "hili paa si linavuja?"

"Halivuji. Watoto je, Mwalimu?"

"Wifi, mbona mbwa wako amekonda hivi?"

"Mbwa alikufa mwaka jana. Wifi, unaumwa?" Akaniangalia, akamgeukia mgeni, kikombe kikiwa bado mkononi. "Mwache mwenzio ajibu. Mwalimu, mume wako hajambo?"

Delfina alinitazama mimi. Nadhani kama ningefumba macho tu kumwomba, pengine angenyamaza. Sijui. Sikufumba.

"Sina mume, Mama. Nina mke. Tumekaa pamoja tangu nywele zetu ni nyeusi. Hajambo, anakusalimu."

Kuku alisikika akichemka jikoni. Mkono wa mgeni ulikuwa umeshanyooka kupokea. Wifi akarudisha kikombe kifuani kwake, na ule mkono ukabaki hewani, mtupu. Nimeona misiba, nimezika mume na watoto wawili, lakini mkono ule sikuweza kuutazama.

Nikasimama. Naogopa, nisiwadanganye. Nikakitoa kikombe mikononi mwa wifi, nikanywa, nikampa Delfina. Akanywa. Nikakipokea tena, nikanywa palepale alipoweka mdomo wake.

"Unakunywa na huyo?" wifi akauliza.

"Nimeshakunywa."

"Unajua unachokifanya? Kanisa linasemaje? Serikali inasemaje?"

"Najua wanasemaje. Najua pia nani aliyemwogesha Vumi tumbo limeshonwa. Wewe hukuwepo. Mimi sikuwepo."

"Nitawaambia watu wa jumuiya yenu."

"Waambie. Waanze na mimi."

"Na hicho kikombe hakirudi kabatini kwangu!"

"Basi nakichukua," nikasema, nikakitia kwenye mkoba na ulanzi uliobaki ukalowesha kitenge changu. Tukatoka. Wifi hakutusindikiza, wala hatua moja. Kuku tulimwacha.

Njiani kurudi Kichiwa dereva, bahati nzuri, alifungulia redio hadi mwisho. Delfina akanisimulia karibu na sikio. Mama yake alikuwa akiuza samaki sokoni, na yeye akiwa mtoto ndiye aliyempigia hesabu, mpaka walimu wakamgombania, akapata nafasi ya kusoma ng'ambo. Baadaye akawasemea vijana waliokuwa wakikamatwa kisiwani kwao. Kuanzia hapo ndugu wakamfuta. Mama alipokufa alirudi kuzika, wakamfungia geti. Mama akazikwa yeye akiwa nje ya ua, juani, na hakuna aliyemletea hata maji.

"Hata maji?" nikauliza.

"Hata maji, Bibi."

Nikamshika mkono mpaka tunafika.

Kichiwa majirani walikuja kumwona mgeni, nami nikasimama mlangoni kama askari: amechoka, kichwa kinamuuma, salimieni mpite. Tulipobaki wawili jikoni, nikamchomea viazi, akashika tenga langu la mianzi akaligeuzageuza. Kumbe hesabu zake ni za mafundo. Anatafuta fundo lipi linafunguka kwa kuvuta tu, na lipi halifunguki milele mpaka ukate kamba.

"Na unajuaje halifunguki? Pengine hujavuta vizuri."

"Ndiyo hesabu yenyewe, Bibi. Nikishathibitisha, siwezi tena kusema vingine, hata nikiogopa."

"Ala! Ndiyo maana mnaniletea matatizo Lyamkena."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilicheka nusu, maana pikipiki ilikuwa inapita nje, na kila pikipiki niliidhani ni ya mwenyekiti wa kitongoji.

Kesho yake nikampeleka Njombe mjini, baridi ilikuwa imemshika, nikamnunulia sweta sokoni. Polisi wawili wakaja upande wetu. Nikamkamata mkono kwa nguvu hadi akaguna. Walikuwa wanatafuta parachichi. Mmoja akaniamkia, "Shikamoo, Bibi," nikashindwa hata kuitika.

Siku ya kuondoka nikamrudisha Makambako. Tulipokaribia Lyamkena nilichungulia dirishani. Mlango wa wifi ulikuwa wazi, yeye sikumwona. Stendi, Delfina akaniuliza kama nitapata shida kwa ajili yake. Nikamjibu kweli, maana naye ni mtu wa kweli: "Nitapata." Akaniinamia, akapanda basi. Mimi nilimsindikiza kwa macho mpaka basi likapotea, nikabaki nimesimama na upepo wangu.

Jumapili nilikwenda jumuiya. Hakuna aliyesema kitu. Ila mama mmoja niliyemzalisha watoto wake wote alisogeza kiti chake mbali na changu, nikajua simu ya Anjela ilikuwa imeshafika. Niliimba peke yangu upande ule, kwa sauti kubwa, na vibaya. Wifi mpaka leo hajanipigia.

Aliyepiga ni Vumi.

"Bibi, Mwalimu ameniambia. Ni kweli ulikunywa palepale alipokunywa yeye?"

"Kweli."

"Mbele ya Bibi Anjela?"

"Mbele yake."

Vumi hajaja nyumbani miaka mingi sasa. Kila nikimwita kuna mtihani, kila nikimwita nauli imepanda. Nikasikia anavuta pumzi kama mtoto aliyelia sana. "Na kama ingekuwa mimi, Bibi?"

Hapo ndipo nilipoelewa mgeni wangu alikuwa amempimia Vumi kina cha mto. Niliogopa kuliko Lyamkena, kuliko wale polisi. Mkono ule mtupu hewani nikauona tena, na safari hii ulikuwa wa Vumi.

"Mwisho wa masika ulanzi unakwisha," nikamwambia. "Wahi."

Nilichojifunza katika safari hii si kikubwa. Hofu haijanitoka, nalala nayo, naamka nayo, napalilia viazi nayo. Nimejua tu kwamba mtu anaweza kunywa huku anatetemeka. Kikombe cha bati nimekiosha, kipo kabatini mbele ya vingine vyote, na Vumi akifika nitatangulia kunywa mimi.