Hamira ya Merle

Clarrie Beswick alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Kwa miaka thelathini alipika bia nyumbani kwake, bonde la Derwent, Tasmania, na kipimajoto chake kilikuwa kiganja cha mkono. Alikibandika ubavuni mwa sufuria; akiona imepoa, hamira inaingia. Na kweli hakuwahi kukosea.

Hamira yenyewe haikuwa ya dukani. Mkewe Merle aliianzisha kwa maganda ya matufaha ya mti wao, na kila bia ilipokwisha kuumuka, aliteka mashapo ya chini akayatia chupani yawe mbegu ya bia ijayo. Merle alizikwa mwaka juzi. Nguo zake ziligawiwa, kuku wake waliliwa na mwewe. Chupa ile moja kwenye friji ndiyo tu iliyobaki hai kutoka mikononi mwake.

Asubuhi moja ya Julai, sufuria ya maji ya kimea ilikuwa imekaa saa nzima ndani ya sinki la maji baridi. Binti yao Leanne, aliyekuja kumsalimu, aliitazama.

"Baba, bado inafuka hiyo. Si upime, kipimajoto kipo kabatini."

"Kwa baridi hii hata wewe unafuka, mwanangu. Nikupime na wewe?"

Akabandika kiganja, akahesabu mpaka kumi. Hakusikia moto. Akainua sufuria, akamimina kutoka juu kama mmimina chai, ili maji yaingie hewa. Maua ya hopsi, yale ya kuipa bia uchungu, yakabaki kwenye chujio, povu likajaa ndoo, naye akafurahi kama mtoto. Kisha akamwaga chupa yote ya Merle, asibakize tone, akafunika.

Siku ya kwanza kimrija cha kutolea hewa kwenye kifuniko hakikutoa hata kiputo cha kuonyesha bia inaumuka. Siku ya pili vilevile. Leanne aliporudi alimkuta baba yake ameketi mbele ya ndoo, hajanyoa wala hajala. Akamshika mkono amwinue, akashtuka. Kiganja kizima kilikuwa lengelenge moja lililopasuka.

"Umeungua, baba. Hukusikia?"

Clarrie alikitazama kiganja kile. Alikuwa ameliona lengelenge, akasema moyoni ni la shoka la kupasulia kuni. Tangu dawa za saratani alizopewa karibuni, mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, na siri hiyo alimficha hata daktari. Sasa akaelewa alivyoitumbukiza hamira ndani ya maji ya moto.

Leanne akaanza kusema kwamba mti wa matufaha bado upo, wangeweza kuanzisha nyingine.

"Itakuwa nyingine," alisema Clarrie. "Ile nimeiua mimi. Ubishi wangu."

 Leanne akaleta dawa na bendeji, akaosha kile kidonda taratibu akiogopa kumuumiza. Baba yake alikuwa analia, lakini kidonda chenyewe hakukisikia.