Kamba ya Bluu kwenye Sanduku la Betri

Nilipoajiriwa na gereji moja ya mitambo kule Baba Dogo, niliwaambia wenzangu kwamba sitaamini neno la opereta yeyote kabla sijapima mwenyewe. Walicheka. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi, na nilihoji kila kitu, hata kwa nini chai yetu itiwe sukari kabla ya mtu kuulizwa.

Kwa hiyo eskaveta iliyokuwa ikichimba mtaro wa majitaka huko Umoja ilipogoma kwa mara ya tatu katika wiki mbili, nilianza kumshuku opereta wake.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Busia. Alikuja kwenye saiti kama mpishi, akajifunza kuendesha mtambo wakati wengine wakila alichopika. Vibarua walimwita mathe, yaani mama. Mimi alikuwa akiniita injinia, na sikuwahi kujua kama ni heshima au mzaha.

Hitilafu yenyewe haikuwa ngeni. Asubuhi taa nyekundu iliwaka, injini ikajipunguzia nguvu, na mkono wa mtambo ukawa unainuka kama wa mtu aliyeamshwa kwa lazima. Laptopu yangu ilisema kwamba habari kutoka kwa kihisi cha presha ya oili hazifiki. Kihisi hicho hakizidi kidole gumba. Kazi yake ni kuiarifu kompyuta ya injini presha ikoje, na kompyuta isipopata habari hudhani mabaya, ikaizuia injini isijiue.

Mara ya kwanza kihisi kilikuwa kimekufa kweli, nikakibadilisha. Mara ya pili nikabadilisha tena, lakini nilipokipima kile nilichotoa nikakikuta kizima. Jambo hilo lilinikosesha raha. Ikiwa kihisi ni kizima na habari hazifiki, basi kuna kitu njiani kinachozikata. Na mbona zikatwe asubuhi tu, ilhali mtambo uliachwa jioni ukifanya kazi vizuri?

Mara ya tatu, siku ya Jumatano, nilimwambia msimamizi wa saiti, "Sioni kosa la mtambo. Pengine kuna mtu anachezea waya."

Nilisema pengine. Yeye hakulisikia neno hilo.

"Ni huyo mama," akasema. "Hataki kuanza kazi mapema. Ikizima tena kesho, Ijumaa naleta opereta mwingine."

Mama alikuwa hatua chache kutoka tuliposimama, bakuli la githeri mkononi. Hakuinuka.

"Injinia, mimi nikitaka kuchelewa nitaumwa na tumbo kama watu wengine. Ning'oe waya ya nini?"

"Lakini mathe, tumbo lako halijawahi kuuma," kibarua mmoja akamchokoza.

"Linangoja kazi yenye likizo ya ugonjwa."

Wote walicheka isipokuwa msimamizi na mimi.

Alhamisi nilifika mapema, na nakiri kwamba nilikwenda kumvizia. Ninapoishi ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye saiti. Wenye maduka walikuwa wakipanga mbao juu ya mtaro ili wateja wapate pa kuvukia. Nikamwona mama na soja, mlinzi wa usiku, wakisukuma mkokoteni kutoka stoo, wamepakia betri mbili. Nilijua kwamba betri hutolewa kila jioni. Huku kwetu, betri ikilala nje huamkia kwa mtu mwingine. Nilijua, ila sikuwahi kutazama zikirudishwa.

Waliziweka kwenye sanduku la betri ubavuni mwa mtambo. Mama akashika kebo nene na kuivuta kwa nguvu, kwa kuwa ilifika kwenye betri ya pili kwa shida. Ilipokuja, ilikuja na mwenzake: waya mwembamba wa kihisi, ambao hupita papo hapo ukielekea kwenye kompyuta. Zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba ya plastiki ya bluu, ncha yake imekatwa vizuri.

Furushi zima la kamba kama hizo lilikuwa kwenye mkoba wangu. Siku nilipobadilisha kihisi cha kwanza nilikuta waya ule ukining'inia, nikaufunga kwenye kebo ya betri, nikapiga picha na kuituma kwenye kundi la gereji. Walinisifu kwa kazi safi.

"Mama, washa," nikasema.

Injini ikanguruma na presha ikaonekana kwenye laptopu. Niliivuta kebo nene kwa vidole viwili. Presha ikaanguka hadi sufuri, taa nyekundu ikawaka. Nikaachilia, ikarudi. Nilirudia mara tatu. Moja ilitosha, lakini nadhani nilitumaini ya tatu ingekataa. Kumbe asubuhi ambazo kebo ilivutwa sana waya ulilegea, nami kila nilipogusa kihisi niliukaza tena bila kujua.

Mama aliinama kutoka kwenye kiti chake. "Umemshika mwizi?"

"Ni hii kamba. Niliifunga mimi."

Akashuka na kuigusa. "Na vile nilikuwa nakusifu. Nilimwambia soja, huyu kijana anafunga kama mshonaji."

Kwenye ripoti kuna nafasi ya kuandika chanzo cha hitilafu. Nilipompigia simu mkubwa wangu wa gereji, alinishauri niandike kwamba kiungo cha waya kililegea. "Nani hujiandika mwenyewe kwenye chanzo?" aliuliza. Lakini kiungo kilicholegea kina mtu aliyekilegeza, na nilijua msimamizi angemtaja nani. Nikaandika: fundi alifunga waya wa kihisi pamoja na kebo ya betri, opereta hana kosa. Nikatia sahihi.

Msimamizi aliisoma mara mbili. "Sasa yule wa Ijumaa nimwambie nini?"

"Asije."

Akatoa simu na kwenda kando.

Jioni, nikifunga mkoba, mama aliniita. "Injinia, soja amechoka leo. Shika upande huo."

Nilifungua kebo nene na kuilaza pembeni. Waya mwembamba, niliokuwa nimeuondolea ile kamba, ulibaki mahali pake. Sote wawili tuliuangalia, kisha tukainua betri.