Madigadi Iliyonyooka Kupita Kiasi

Baba mdogo ni fundi cherehani, lakini moyo wake uko kwenye lori la jeshi la enzi za vita. Limejaa ua mzima, mama mdogo hana hata pa kuanika nguo. Kila skrubu lazima iwe ya enzi hizo. Mletee mpya uone atakavyokukodolea macho.

Mwezi mzima aligonga madigadi ya mbele polepole, mpaka pale palipobonyea pakanyooka kabisa. Juzi jumba la makumbusho aliloliandikia likamtumia picha: lori lilelile, namba ileile, lipo vitani. Na madigadi imebonyea.

Baba mdogo akakaa juu ya ndoo, hoi.

"Nimefuta historia kwa mikono yangu."

"Si uibonyeze tena?" nikamwambia, maana nilishachoka naye.

Akainua nyundo, mkono ukagoma. Mama mdogo akatua beseni la nguo, akamnyang'anya.

"Sogea, mume wangu. Miaka kumi na moja nimeisubiri siku hii."

Akapiga mara moja tu. Baba mdogo akalinganisha na picha, uso ukamchanua. Palepale!

Mama mdogo hakurudisha nyundo.

"Hebu itazame tena hiyo picha," akasema. "Hakuna pengine palipobonyea?"