Baraka Iliyofunga Kijiji

"Mama, una uhakika hapa paliwahi kuwa na kijiji?"

Kijana wa ofisi ya mtaa alimwuliza mama yangu hivyo, kwa adabu zote, baada ya shikamoo na baada ya kumvutia kiti. Mama amevuka themanini. Aliolewa hapa, akazalia hapa, akamzika mume wake hapa. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake na mfuko wa makaratasi magotini, nikataka kumjibu yule kijana, lakini mama alikuwa ameshanibana mkono. Basi wewe nakujibu, rafiki yangu, kwa kuwa ulikulia upande huuhuu wa mlima Meru na huwezi kuniuliza swali la kipuuzi kama hilo.

Kilikuwepo. Kilikuwa na ofisi ya vyumba viwili ya matofali ya kuchoma, na mbele yake rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mgrevilea. Rimu hiyo ikigongwa, hata aliyekuwa juu kabisa kwenye mibuni alijua ni mkutano. Kilikuwa na mwenyekiti na mtendaji wake, na mkutano mkuu ambamo mtu mzima yeyote alikuwa na haki ya kusimama akasema lake, awe mlevi, awe mjane, awe yule mama aliyegombana na kila mtu. Chini yao walikuwapo mabalozi wa nyumba kumi. Balozi wetu alikuwa bibi yangu, mama yake baba.

Usidhani ubalozi ulikuwa cheo cha kukalia. Alfajiri, kabla ukungu haujatoka kwenye migomba, watu walikuwa wameshafika jikoni kwake na kesi zao. Mbuzi wa fulani kala mahindi ya fulani. Mtoto wa fulani kamtukana mwalimu. Bibi hakusikiliza mtu kabla hajanywa uji. Alikuwa na kauli yake kwamba mwenye njaa huongea kwa hasira za tumbo, basi wote wawili, mshitaki na mshitakiwa, walikaa kwenye vigoda vyao wakipuliza vikombe vya uji wa ulezi, macho hayakutani, na moshi wa kuni unawatoa machozi sawasawa. Wakimaliza uji nusu ya kesi imekwisha. Nusu iliyobaki bibi aliimaliza kwa ulimi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pilipili. Aliyekosea alipewa kipande cha mfereji akasafishe, watu wote wakipita wamwone.

Mfereji ndio uliokuwa serikali yetu hasa. Maji yalitoka juu msituni, na kila ukoo ulikuwa na zamu yake. Siku ya kuusafisha hakuna aliyebaki nyumbani. Wanaume walitangulia na majembe, wanawake walifuata kutoa magugu, na sisi watoto tulitumwa kuokota mawe tukaishia kurushiana matope. Adhuhuri yakashushwa masufuria ya loshoro, mahindi yaliyopondwa na maziwa mgando, baridi, yenye uchachu wa kukukunja shavu. Nimekula hotelini Arusha mjini, nimekula na Dar, sijawahi kushiba kama nilivyoshiba ukingoni mwa mfereji ule na miguu yangu ndani ya maji. Mwenyekiti wa kijiji alikula kwa mkono kutoka sufuria hilohilo. Nataka yule kijana wa ofisini alijue hilo.

Halafu kuna mipaka. Hapa nikuombe unisikilize vizuri, maana ndipo penye kidonda.

Kwetu mpaka ulikuwa sale. Unaujua, ule mmea wa majani marefu ambao hata ukiukata ukautupa njiani unachipua. Majirani wawili waliokubaliana mpaka waliushika mche mmoja kwa pamoja, mkono wa huyu juu ya mkono wa yule, balozi akafukia udongo. Kila nyumba ilitoa mtoto mmoja wa kumwagilia, kwa sababu, bibi alisema, wazee watakufa na huyu mtoto ndiye karatasi. Mimi nilimwagilia masale ya mpaka wetu wa mashariki pamoja na binti wa jirani. Nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka kibuyu kilivuja, gauni langu la shule likalowa, nikachapwa kwa hilo. Hakuna aliyewahi kung'oa sale. Kung'oa sale ilikuwa kama kumpiga mama yako kofi.

Mji ulikuwa ukipanda taratibu. Tukawa tunaona taa za Sokon I kwa mbali, kisha zikawa si mbali. Nilipokuwa nimemaliza darasa la saba, rimu ikagongwa asubuhi moja, tukaenda wote. Alikuja ofisa kutoka mjini, na wala hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa hapahapa, aliyesomeshwa kwa kahawa ya baba yake na aliyewahi kunywa uji wa bibi jikoni kwetu. Akasimama na karatasi akasoma. Kijiji kitakwisha, tutakuwa mtaa, tutaingia mjini. Tutaletewa maji ya bomba, taa na lami. Watu wakapiga makofi. Mama yangu alipiga, mimi nilipiga mpaka viganja vikauma. Hasira zangu nyingine ni za makofi yale, sikufichi.

Bibi hakupiga. Alinyoosha mkono. Sisi wa nyumbani tulijua anataka kuuliza nini, alikuwa akiliuliza swali lake tangu tetesi zilipotufikia juzi yake, huku akimenya ndizi: kama kijiji hakipo na balozi hana kazi, mpaka wangu ataamua nani? Ofisa aliuona ule mkono. Nakuapia aliuona, maana macho yake yalikaa juu ya bibi muda wa kumeza mate. Kisha akamgeukia mzee aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale na kumwambia kwa sauti ya unyenyekevu, "Baba, jua linakuwa kali. Tubariki, tufunge."

Sasa, wewe unajua. Mtu wa mbali asiyejua mila zetu angesema kwani kuna nini, bibi si angeuliza tu baadaye? Kwetu mzee akishasimama kubariki, mkono unashushwa. Anaomba mvua, mnaitikia "Naai". Anaomba ng'ombe wazae, "Naai". Anaomba watoto wakue, "Naai". Na baraka ikishatoka kinywani mwake, jambo lililozungumzwa limefungwa. Anayelifungua tena anaitemea baraka mate mbele ya watu wote, na hakuna aliyekuwa na moyo huo. Mzee wetu maskini alifurahi kupewa heshima, akabariki ndefu na tamu. Bibi alishusha mkono. Aliitikia "Naai" kama sisi sote, nikiwa nimesimama ubavuni kwake nikimsikia. Ofisa akaandika kwamba wananchi wote wameridhia.

Angekuwa mgeni ningemsamehe. Alikuwa wetu, alijua mahali pa kutushika, akatushika hapo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Tulirudi nyumbani. Bibi aliweka maji jikoni, akakaa, akamwambia mama maneno ambayo mama hayasahau: "Nimefungwa mdomo kwa mambo mazuri." Toka siku ile watu walizidi kupungua jikoni. Wenye kesi waliambiwa waende mjini, na mjini hakuna anayekunywesha uji.

Taa zilikuja, sikatai. Lami nayo ilikuja baada ya miaka mingi. Tunapiga kura, tunamchagua mwenyekiti wa mtaa, naye anagonga muhuri kwenye barua za utambulisho mpaka mkono unamchoka. Lakini ardhi inaamuliwa kwingine, na watu usiowajua, kwenye ramani usiyoonyeshwa. Mfereji ulifunikwa zege sehemu, sehemu nyingine umejaa chupa za plastiki na nepi za watoto. Ofisi ya matofali ilivunjwa. Na madaftari ya kijiji, rafiki yangu, yale yaliyoandikwa nani kapakana na nani na zamu ya nani ni lini, mimi mwenyewe niliuziwa vitumbua vilivyofungwa kwenye karatasi yake moja. Niliyatambua majina. Nilisimama njiani nikilia na vitumbua mkononi, mafuta yanaenea juu ya jina la babu yangu.

Bibi alifariki nikiwa nimeshaolewa Lemara. Tulimzika pale alipotaka, upande wa mashariki, karibu na masale, mchungaji akasoma, tukajengea simenti na msalaba. Baba tulimzika baadaye hapahapa, juu zaidi kwenye mibuni, ni hadithi nyingine. Miaka ikapita. Jirani wetu wa mashariki akauza akahamia Oldonyo Sambu, kwenye nafasi ya mifugo yake. Simlaumu. Aliyenunua alikuja na wapimaji.

Mama aliwapokea, akawapa chai ya maziwa, akawatembeza akawaonyesha mpaka, sale kwa sale. Mpimaji mmoja, kijana mpole tu, akamwambia, "Mama, haya ni maua." Akamwomba karatasi ya kijiji. Karatasi gani? Ile ya vitumbua? Wakapima kwa mashine yao, wakachimbia bikoni zao, vile vigingi vya zege vya mpaka, na ukuta ulipojengwa uliingia kwetu hatua sita. Masale yaling'olewa yakarundikwa barabarani na takataka. Na bibi yangu akabaki upande wa pili wa ukuta.

Kwa hiyo mama, mkwe aliyemwosha bibi kwa mikono yake alipokuwa haamki tena kitandani, akitaka kupalilia kaburi la mama mkwe wake inabidi agonge geti la bati, na mlinzi anamwuliza kama ana miadi. Miadi! Mara mbili amerudishwa na kijembe chake mkononi.

Ndiyo maana tulikuwa pale ofisini mwezi huu. Tulidai kitu kimoja tu, kwamba ukuta urudi nyuma na kaburi lirudi kwetu. Alikuwapo mwenyekiti wa mtaa, mtu wa makamo, mstaarabu. Alikuwapo yule kijana wa swali. Alikuwapo jirani mpya, kofia magotini, anamwita mama "bi mkubwa". Walisikiliza kidogo, wakaongea sana. Mwisho ikasomwa karatasi waliyokuwa wameshaichapa kabla hatujafika: jirani, kwa moyo wake mwema, atafungua geti kila Krismasi na kila Pasaka, na familia ikipenda kuhamisha mabaki atasaidia gari.

Nilifungua mdomo. Mwenyekiti akawahi, na nasema ukweli, sidhani alikuwa na hila, ndivyo tunavyofunga kila kikao huku. Alimwinamia mama akasema, "Mama yetu, wewe ndiye mkubwa wetu hapa. Tuombee, tufunge."

Wote wakasimama. Jirani akainamisha kichwa, viganja vimekutana tumboni. Na mimi, na elimu yangu yote, na hasira zangu zote, nilikuwa nimeshasimama na macho nimeshafumba. Nikasubiri sauti ya mama. Haikuja. Nikafumbua jicho moja. Mama alikuwa amekaa. Amekaa vilevile, mkoba mapajani, anawatazama.

"Sala nitasali kwangu," alisema. "Hapa bado naongea. Kaeni."

Mwenyekiti alifungua macho, akayafumba, akayafungua tena. Jirani alinitazama mimi kana kwamba nimkanye mama yangu. Nilivuta kiti changu nikakaa, kwa kelele, makusudi. Halafu wakakaa, mmoja mmoja. Na mama akaanza upya, kuanzia nani alishika mche na nani, watoto gani walimwagilia, kibuyu kilichovuja, na kwamba binti wa jirani wa zamani yu hai huko Oldonyo Sambu na ana macho na mdomo, aitwe. Aliongea mpaka chai ya ofisi ikapoa. Kijana aliacha kuchezea simu akaanza kuandika. Sijui aliandika nini.

Watu wakiniuliza ninachokumbuka cha kijiji wanategemea niseme kahawa ikinuka maua, au baridi ya Julai. Navikumbuka, ndiyo. Ila kinachonikereketa ni kwamba palikuwa na mahali ambapo mama wa kawaida, hajui kusoma, alikuwa na haki ya kumaliza sentensi yake, na mahali hapo tulipatoa wenyewe kwa makofi na kwa adabu, ndani ya asubuhi moja, na hakuna aliyetunyang'anya kwa bunduki.

Karatasi yao haijasainiwa. Ukuta bado umesimama, geti linafungwa kwa ndani. Mama ameshasema mkutano haujafungwa, na kila asubuhi anavaa viatu vyake vya kanisani anaenda ofisini kwao kuendelea kuongea.