Tulioambiwa Tufeli

Enzi zetu sisi wa Mgeta, ukungu uliingia darasani kabla ya mwalimu. Tulipanda mlima kwenda shule peku, vidole vimekufa ganzi, kila mmoja na kuni zake kichwani na dumu la maji ya bustani ya shule mkononi. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka. Tulicheza rede mpaka sketi zikachanika, tukaiba pichi za misheni, tukala magimbi ya moto huku tukiyapuliza. Mtoto wa siku hizi ukimtuma duka la hapo kona, anakuuliza nauli ya bodaboda iko wapi.

Lakini leo sikukaa niandike ili tucheke tu. Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya zamani.

Mimi ni mweusi hasa, na shuleni waliniita Masizi. Hata mwalimu wetu mmoja alilidaka jina hilo. "Masizi, futa ubao," na darasa zima linaangua kicheko. Nilizoea mpaka nikiitwa Konsolata nachelewa kuitika. Mtu wa kwanza kukasirika kwa ajili yangu alikuwa Dada Skola.

Skolastika, ndilo jina lake lote, alikuwa msichana wa kwanza kijijini kwetu kumaliza kidato cha nne. Alirudi nyumbani akawa analima karoti na mama yake. Kila Jumapili baada ya misa alitukusanya wasichana wa darasa la saba jikoni kwao, tukamenya njegere za kupeleka sokoni. Mikono inafanya kazi, yeye anatupa hesabu za kichwa. Jikoni humo ndimo nilimojifunza habari za damu ya mwezi bila kutishwa, na namna ya kumjibu mwanamume anayekuvizia njiani. Bibi zetu walitufunda jinsi ya kumvumilia mume. Dada Skola alituambia kwamba kabla ya huyo mume, tunatakiwa kuulizwa.

Siku aliyosikia wenzangu wakiniita Masizi, aliweka ungo chini.

"Masizi yapo kwenye sufuria," akasema. "Huyu ana jina. Kuna asiyelijua?"

Kuanzia siku ile, jikoni mle nikawa Konsolata.

Mtihani wa mwisho ulipokaribia, Mjomba alinijia. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtoto wa dada yake, na baba yangu alishafariki. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi:

"Siku ya mtihani jazajaza tu majibu ya uongo. Ukifeli, serikali haina cha kutuuliza usipoenda sekondari. Kuna mtu yuko Dumila, ana duka. Ameshakuulizia."

Rafiki yangu Felista, ambaye kwa hesabu hakuna mvulana aliyemfikia, alikuwa ameambiwa maneno hayohayo na baba yake. Tulimweleza Dada Skola huku tunalia. Yeye alijifuta mikono kwenye kanga, akatoka moja kwa moja hadi kwa Mjomba, sisi nyuma yake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba usimfundishe mtoto kufeli. Mwache ajibu anachokijua."

Mjomba alicheka. "Wewe uliyesoma umepata nini? Si unamenya njegere kama wenzako?"

"Namenya, Mjomba. Ila hakuna mtu wa Dumila aliyechaguliwa kwa niaba yangu."

Yule mzee aliinuka na fimbo. Dada Skola hakurudi nyuma hata hatua moja. Kesho yake aliitwa kwa mwenyekiti wa kijiji, akaambiwa anaharibu watoto wa watu, na vikao vyake vya jikoni vikapigwa marufuku. Hebu fikirieni! Aliyetaka mtoto afeli makusudi hakuitwa popote.

Jumapili iliyofuata tulimkuta kisimani, ndoo chini, anatusubiri. "Kisima hawajakipiga marufuku," akasema. "Haya, saba mara kumi na mbili?"

Mtihani ulifika. Nilijibu kila nilichokijua. Felista baba yake alimsindikiza hadi getini, akamwinamia na kumnong'oneza. Tulipotoka hakunitazama. "Nilikuwa nayajua yote, Konso," aliniambia. "Yote."

Mimi nilifaulu. Mjomba alinuna, lakini Dada Skola alimpa mama yangu moyo mpaka akauza mbuzi wake na kunipeleka mwenyewe shuleni. Yule mtu wa Dumila hakukaa akisubiri, alimchukua Felista. Felista alirudi kwao na watoto wawili na jino la mbele halipo, na mpaka leo akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Sijawahi kumsikia mtu akiomba radhi kwa jino lile.

Sasa naishi mjini, upande wa Mazimbu, nami ni mama wa watu wazima. Juzi nilialikwa kwenye semina ya kuwawezesha wasichana. Palikuwa na fulana, soda na mpiga picha. Wasichana wazuri weusi wamejipaka mkorogo wa kujichubua, nyuso njano na vidole vyeusi, na sisi wakubwa tukawacheka pembeni, kana kwamba kuna siku tuliwaambia ni wazuri. Msemaji alihutubia kuhusu ndoto, akatazama saa, akaondoka.

Tulipokuwa tunapangwa kwa picha, binti mmoja wa kidato cha pili alinivuta kanga.

"Shikamoo, mama. Mkishaondoka, nikiwa na jambo nimwambie nani?"

"Nyumbani hakuna mtu?"

"Wapo. Lakini kila mtu yupo kwenye simu yake."

Nilitoka kwenye mstari wa picha. Nilimwelekeza kwangu, nikamwambia aje Jumapili, na akija na wenzake watanikuta. Walikuja wanne, wakakaa kwenye ncha ya kochi kama wageni wa msibani. Niliwapa njegere wamenye, na mmoja wao akaanza kueleza.

Sisi hatukuwa na viatu wala umeme, na wakubwa wetu wengine walikuwa wakatili. Ila tulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa tayari kuinuliwa fimbo kwa ajili yetu. Hawa wana viatu, wana simu, wana fulana zenye maandishi. Nani amewahi kuwasimamia?