Mabano ya Kioko

"Wanichezea, Tsuma! Juzi nilipata nane, leo wasema mbili. Hesabu gani hii yageuka kama bei ya samaki?"

Kioko akatupa chaki. Ni jirani yangu hapa Gongoni, kibarua wa chumvi, Mkamba wa Kitui. Mimi niliacha shule kidato cha pili, na kazi sikai nayo, basi jioni namfundisha. Jumamosi kuna mtihani wa unyapara. Nyapara hupewa nyumba. Chumba anacholala Kioko sasa ni cha vibarua wanne. Mkewe, Mueni, hawezi kuja kukaa humo. Huu mwaka wa tatu wako mbalimbali.

Mlangoni pake nilikuwa nimeandika: 24 ÷ (6 ÷ ½).

"Ishirini na nne kwa sita, nne. Nne kwa nusu, nane. Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Umeanzia nje, kaka. Anza ndani ya mabano."

"Nani huanzia ndani? Kule kwenye chumvi maji yaingia birika la upande wa bahari kwanza, ndipo yafike la mwisho."

"Hapa hakuna maji. Mapapai sita, kata nusu nusu. Vipande vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Haya, ishirini na nne gawa kwa hivyo."

"Mbili," akasema polepole. "Mueni angenicheka. Shuleni yeye ndiye aliyekuwa akinionyesha."

Akaketi kizingitini. Ndani wenzake walikuwa wanacheka.

"Wale wakianza habari za wake zao, mimi hutoka nikajifanya naenda chooni," akasema. "Nasimama huko tu, gizani."

Nikaokota chaki, nikamwandikia mabano ndani ya mabano: 36 ÷ (12 ÷ (2 ÷ ½)).

Aliikodolea macho mpaka jasho likamtoka. Kisha akaweka kidole kwenye mabano ya ndani kabisa. "Mbili kwa nusu, nne. Kumi na mbili kwa nne, tatu. Thelathini na sita kwa tatu... kumi na mbili?"

"Ndiyo hiyo."

Nilidhani ataomba nyingine. Nilikuwa nishaitunga kichwani, jioni bado ndefu, na mimi kwangu hakuna mtu.

"Basi!" Akajipangusa chaki surualini. "Wacha nimuwahi Mramba seremala. Ana kitanda cha watu wawili, asije akampa mtu mwingine."

"Mtihani hujafanya, kaka."

"Kitanda hakiningojei," akasema, akavaa ndara zake akaenda.