Mume Wangu Anaogopa Kukonda Kuliko Kukatwa Mguu

Admin, nifiche, maana hapa Kawempe watu wanajua mambo ya wenzao kuliko yao. Mimi ni Mkenya, miaka arobaini na mbili, nauza mitumba. Mume wangu ni mtu wa hapa hapa nchini, wa upande wa kaskazini, alikuwa mwanajeshi, sasa analinda duka. Tunakaa nyumba za mstari, chumba kimoja kimoja, na kila mtu anapikia barazani, kwa hiyo sufuria yako ni habari ya wote.

Mwaka jana alikutwa na kisukari. Daktari akamwambia aache soda na chapati, apunguze posho, yaani ugali, atembee. Nikamchemshia dodo, mchicha wa huku, na maharage bila mafuta, naye akawa anakwenda kazini kwa miguu badala ya boda. Baada ya miezi mitano sukari ilishuka na kitambi kikaisha. Nilimwonea fahari, nasema ukweli.

Basi majirani wakaanza. Watu ambao hawajawahi kupima hata presha zao wakageuka madaktari. Kwao mwanaume akikonda ana ugonjwa mmoja tu, Ukimwi, ule wanaouita slim tangu zamani. Mama wa chumba cha pili, ambaye anahema akifika chooni, akaacha kuazima vikombe vyetu. Kisha wifi yangu akaja kutoka kijijini, akamtazama kaka yake, akaangua kilio hapo barazani kana kwamba maiti imeletwa. Akaniuliza mbele ya wote nimemwambukiza nini.

Mwanaume aliyeshika bunduki miaka kumi na mbili akashindwa na umbea. Siku hizi kila jioni anaweka kiti nje, soda mkononi, sahani ya chipsi magotini, ili aonekane anakula. Wajinga wale wanampongeza na kumwongezea. Uso umevimba, wanasema amepona.

Sasa ana kidonda kwenye kidole cha mguu, mwezi wa pili hakifungi. Daktari amesema sukari isiposhuka, mguu utakatwa. Nilipomsihi, alinijibu kwa Kiswahili chake cha jeshini, bila hata kuweka sahani chini: "Mguu ikikatwa, watu nasema pole. Mimi nikikonda, watu nacheka."

Nililia kwa hasira. Tulipima sote wawili, hatuna huo ugonjwa, na karatasi za majibu ninazo. Nilipotaka kumwonyesha wifi, aliapa kwamba nikizitoa nje ya chumba nitarudi kwetu Kenya siku hiyo hiyo. Eti yeye hajielezi kwa wanawake wa barazani. Lakini kula kwa amri yao anaweza.

Ninyi mnaosoma, msinipe pole, nipeni akili. Nizibandike karatasi hizo mlangoni nifukuzwe, au ninyamaze nibaki na mume mnene wa mguu mmoja?